Mama Usingizi Akabidhi Zamu

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, muuguzi wetu wa dawa za usingizi anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu. Sisi wengine, kuanzia daktari wa upasuaji hadi wafua mashuka, tunamwita Mama Usingizi, naye huitika bila kinyongo.

Alikuja akiwa binti mwembamba, viatu vimemzidi saizi, wakati ule tukiwa na chumba kimoja tu cha upasuaji. Dirisha lake lilikuwa na kioo cha ukungu, na mwanga uliopita hapo ulikuwa mweupe kama maziwa. Ndani ya mwanga huo ndimo tulimomzoea. Sisi tukihangaika na mikasi na pamba, yeye alikaa kichwani pa mgonjwa, akainama na kumnong'oneza, "Niambie mahali unapopapenda." Mtu akaanza kueleza, na dawa ikamchukua katikati ya maneno. Mwashi mmoja alifika kwenye "tulikuwa tumekaa juu ya paa, halafu jua..." akaondoka. Bibi mmoja aliishia kwenye "harufu ya mashuka." Mgonjwa alipofumbua macho alimkuta palepale, akingoja amalizie. Wachache walimalizia. Wengi walimtazama tu na kutabasamu, kama watu waliotoka mbali sana.

Lakini yeye mwenyewe, aliyewalaza nusu ya mji, usingizi ulimpiga chenga.

Tuseme ukweli kwa upendo: mama yetu alikuwa bingwa wa kuwaza. Akitoka kazini alifika kituo cha basi, akageuka, akarudi kuhakikisha mtungi wa oksijeni umefungwa. Akaondoka. Akarudi tena. Mlinzi wa getini alishazoea. "Pita tu, mama," alimwambia, "najua bado hujaenda." Akifika nyumbani alipiga simu wodini: yule wa ngiri amekunywa maji? Yule mama wa mapacha anapumua vizuri? Wauguzi wa wodi walikuwa wakijibu kabla hajauliza. Sisi tulicheka. Hatukujua kuwa baada ya simu alikaa jikoni akirudia kichwani kila dawa aliyoitoa, kipimo kwa kipimo, mpaka chai ikapoa.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wadogo, na upasuaji wake ulikuwa wa kawaida tu, wa kidole tumbo. Kila kitu kilikwenda sawa, ila mwalimu hakuamka. Tulimwita jina, tukampigapiga mashavu, tukangoja. Mama Usingizi alisimama pale amemshika mkono, rangi imemtoka. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili mwalimu alipofumbua macho na kulalamika kuwa ana kiu. Daktari wa upasuaji alieleza mbele yetu sote kuwa hakuna aliyekosea. Mwili wa mwalimu ulichelewa kuachana na dawa, basi. Baada ya likizo fupi mwalimu alirudi darasani kwake, mzima kabisa.

Mama Usingizi naye alirudi kazini, ila roho yake ilibaki kando ya kile kitanda, ikiuliza: je, kama asingeamka? Na watoto wake je? Na kesho akija mwingine? Akili ilimzunguka kama pia. Akawa anarudi kutoka kituo cha basi hata mara tatu. Mwishowe alikwenda kwa matroni akaomba ahamishiwe stoo ya vifaa, akapange glovu mpaka astaafu. Matroni alifunga daftari lake. "Nipe mwezi mmoja," akasema. "Stoo haikimbii."

Yaliyofuata tunayajua kwa sababu ameyasimulia mwenyewe kwenye sala yetu ya asubuhi, tena zaidi ya mara moja. Jumapili moja baada ya ibada alikuwa akikunja nguo na mama mkwe wake, mama mmoja mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuwahi kukubali kushindwa hata kwenye karata. Mama mkwe akamwuliza bila kuinua macho:

"Mwanangu, huwa nakusikia. Unasali, au unampa Mungu ripoti?"

"Namwomba awalinde wagonjwa wangu, mama."

"Unamwomba. Halafu ukishasema amina, unaanza kuwalinda mwenyewe. Kule kazini kwenu, mwenzako akishapokea zamu, wewe unafanyaje?"

"Naondoka."

"Sasa kwa Mungu mbona huondoki?"

Alikasirika, anakiri. Alijibu kuwa mgonjwa si nguo, umkunje umweke uende zako. Mama mkwe alimaliza kwanza shati alilokuwa nalo.

"Hajakukataza kuangalia. Ukiwa pale, angalia kwa macho yote mawili. Ukitoka, yeye yupo. Au unadhani na yeye hupanda basi jioni?"

Anasema alicheka mpaka akalia. Siku nyingine husema alilia mpaka akacheka. Vyovyote vile, Jumatatu tulimwona akifanya jambo jipya. Baada ya kumkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa chumba cha kuamkia, alikwenda kwenye sinki, akafungua maji, akanawa mikono polepole, akamtaja mtu yule kwa Yesu kwa sentensi moja tu. Kisha akafunga bomba na kuondoka.

Haikuwa rahisi kama inavyosomeka. Siku za mwanzo alifika mlangoni, akarudi, akafungua bomba tena kwa ajili ya mgonjwa yuleyule. Tulimtania kuwa atatukaushia tangi. Kuna siku alisimama pale maji yakimwagika, macho yamefumbwa, midomo haiendi. Tuliompita tulitembea kwa ncha za vidole. Mwezi ulipokwisha, matroni alikuja kumwuliza kuhusu stoo, akamkuta sinkini akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Akageuka, akarudi ofisini.

Mtihani wenyewe ulikuja miaka michache baadaye, alipopatikana na mawe kwenye nyongo. Sasa yeye ndiye aliyelala mezani, na wa kumlaza alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, dada mpole tunayemwita Taratibu. Mwandishi wa wasifu huu alikuwepo, amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa baridi.

"Mashine umeiangalia?"

"Nimeiangalia, mama."

"Mtungi wa akiba?"

"Upo."

"Umeuangalia lini?"

Taratibu aliinama kichwani pake. "Mama, ulinifundisha wewe. Niambie mahali unapopapenda."

Tuliuona wasiwasi ukimpita usoni kama kivuli cha wingu juu ya majani. Kisha mkono ukalegea ndani ya mkono wangu, akasema kwa sauti ya mtu anayevua mzigo begani, "Bwana, mimi naondoka. Pokea wewe." Na usingizi ukamchukua kabla hajasema amina.

Alipoamka alitusimulia kitu. Pale alipokuwa akizama usingizini, anasema, alijiona kwenye korido ndefu yenye ule mwanga mweupe, na wagonjwa wake wote wakipita: mwashi, yule bibi, mwalimu na watoto wake, wengine hata alishawasahau. Walitembea bila haraka, wakatoka kwenye mlango uliokuwa wazi upande wa mbele. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumwuliza kitu. Alisimama akiwaangalia wakienda, na hakuogopa.

Hatusemi kuwa hakuwaza tena. Aliwaza, maana ni binadamu, na wauguzi tisa aliowafundisha watakwambia hakuwaachia hata sindano moja bila kuikagua. Ila akishatoka getini hakurudi tena, na Taratibu, ambaye sasa anashika nafasi yake, naye ana tabia ya kuchelewa kidogo pale sinkini.

Jumatano tulimwandalia keki idarani. Mgonjwa wake wa mwisho, seremala mmoja mcheshi, alishaamka na kuanza kutongoza wauguzi. Tukamtafuta Mama Usingizi kila mahali. Tulimkuta kwenye benchi la korido, jua la mchana limemwangukia magotini, viatu kavua, kichwa kimeegemea ukuta, kinywa wazi, anakoroma. Daktari wa upasuaji aliweka kidole mdomoni. Kitanda cha magurudumu kilipokuja, wanaume wawili walikiinua juujuu wakapita nacho. Keki ilisubiri, na hotuba pia.

Mama yetu, asante kwa kila mtu uliyemrudisha kwa watu wake. Mungu akujalie asubuhi zisizo na kengele, wajukuu wa kukupanda mgongoni, na kwaya isiyothubutu kuanza kabla hujafika. Nenda salama, nasi tunakupenda.