Vyumba Sita vya Nahodha

Benchi letu liko Area D, limeegemea ukuta wa duka langu la vifaa vya ujenzi. Ni ubao mmoja, matofali manne, na migongo ya watu wazima iliyokwangua rangi ya ukuta wangu mpaka plasta inaonekana. Nimeshawafukuza mara nyingi. Wakiondoka nawafuata mwenyewe kuwaomba warudi, maana duka lisilo na watu nje linaonekana limefilisika. Kijiwe kinaitwa Gatini. Jina alilitoa Abubakari, fundi bomba wa Tanga aliyekuja Dodoma ujanani kufunga mabomba ya maji, akaoa huku, akabaki, na hajaacha kuiongelea bahari siku hata moja. Ndiyo maana tunamwita Nahodha, ingawa hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane upepo ulikuwa unatumwagia vumbi machoni, Hasani wa Kondoa, muuza kahawa wetu, keshapanga vikombe na birika liko juu ya mkaa, na Nahodha kaishika simu kwa mikono miwili, kaikodolea macho. Nikajua kuna jambo.

Lakini kwanza mjue habari ya vyumba. Nahodha ana nyumba Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, na baraza mbele. Kwa miaka yote tuliyokaa hapa ametuahidi kwamba mwezi wa kumi na mbili tutakwenda wote, tulale kwake, tuoge baharini. Hatujakwenda hata mara moja, ila vyumba tulishagawana. Kefa mwenye shamba la zabibu Makutupora, ambaye tunamwita Zabibu, ana cha mbele kulia. Denis wa bajaji, aliyewahi kuwa shahidi mahakamani siku moja na tangu hapo ni Wakili, ana kinachofuata. Hasani alitaka cha karibu na kisima kwa ajili ya kahawa yake. Mimi, ambaye wananiita Pilipili na sitaki kusema kwa nini, nina cha mbele kushoto, chenye dirisha la barabarani, na nilikipata kwa ugomvi. Cha tano ni cha Nahodha na mkewe Loisi. Cha sita kilikuwa cha mama, hicho hakuna aliyekigusa.

Denis: Mzee, hiyo simu umeitolea macho hivyo, kuna msiba?

Nahodha: Hakuna msiba. Nimepata mteja.

Kefa: Wa bomba?

Nahodha: Wa nyumba. Nauza Tanga.

Hasani alikuwa anamimina. Kikombe kikajaa, kikamwagika, naye bado anamimina.

Kefa: Unauza Tanga!

Nahodha: Nyumba, Zabibu. Nauza nyumba.

Kefa: Na chumba changu?

Denis akaangua kicheko. Kefa hakucheka, na mimi nikajifanya naangalia kama kuna mteja dukani. Niseme ukweli, iliniuma. Nina duka, nauli ya Tanga hainishindi, na bahari sijawahi kuiona. Nadhani miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri chumba changu.

Nahodha: Msinitazame hivyo. Loisi amechoka kupanga nyumba za watu. Nyumba yetu ya hapa Nala imekwama kwenye lenta, ndani mnaota magugu marefu kuliko mimi. Na mapazia ameshanunua. Ya kijani. Madirisha hayana hata fremu, mapazia yapo kwenye sanduku. Kila mwaka anayatoa, anayafua, anayaanika, anayarudisha. Hasemi neno. Angesema ningejibu.

Hasani: Na nyumba ya Tanga nani anakaa?

Nahodha: Hakuna. Shangazi Mwanaidi ndiye alikuwa anaitunza, mwanawe kamchukua, kampeleka Muheza. Imefungwa. Mteja anataka aigeuze gesti.

Denis: Sasa mzee, nyumba imefungwa, mteja yupo, mkeo anataka kuhamia kwake. Si dili limeisha hilo? Tatizo liko wapi?

Nahodha: Ukutani.

Akatuonyesha picha aliyotumiwa na dalali. Tukabanana vichwa. Baraza la saruji, mlango wa mbao wenye kufuli, dirisha la kushoto, langu, lina nondo za mviringo ambazo sikuwahi kuziwaza. Ukuta umepakwa rangi ya krimu, mpya kabisa. Na katikati ya krimu hiyo, yakichungulia kwa rangi ya kahawia, maneno makubwa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Nahodha: Mwenyekiti wa mtaa amegoma kugonga muhuri. Anasema yeye hawezi kushuhudia mauzo ya nyumba ambayo yenyewe inasema haiuzwi. Dalali kaleta fundi rangi. Kapaka mara ya kwanza, maneno yamerudi. Kapaka mara ya pili, yamerudi. Leo wananingoja mimi. Nikisema ndiyo, wanapaka mara ya tatu, nene, na mteja anasaini.

Kefa: Hiyo ni chumvi.

Mimi: Chumvi gani wewe? Umeona wapi bahari?

Kefa: Sijaiona, nimesimuliwa. Hewa ya kule ina chumvi, inaingia ukutani, ukuta unatoa jasho. Jasho likitoka, rangi inavuliwa kama shati.

Denis: Ngoja niwape sheria. Huo ukuta umeweka pingamizi. Kisheria, mtu akiandika na maandishi yakakataa kufutika, hayo ni maandishi ya kudumu. Inabidi ukuta uitwe kwenye baraza la ardhi, uhojiwe.

Mimi: Uhojiwe vipi, Wakili? Ukuta unaapa?

Denis: Unaapa kwa mdomo wa mmiliki.

Wakati huo ikasimama bajaji, akashuka mama mmoja wa makamo na gunia la karanga. Alikuwa Restuta, wa Haneti. Siku zote karanga za kashata za Hasani huletwa na kaka yake, lakini kaka anaumwa mguu, kaja yeye. Akatuamkia, "Shikamooni wazee," akashusha gunia, Hasani akamkaribisha mwisho wa benchi na kumpa kahawa. Akakaa kimya na kikombe chake. Sisi tukaendelea, maana kijiwe hakisimami kwa ajili ya karanga.

Hasani: Mimi nawaambia kitu, na msicheke. Tanga alikaa Mjerumani. Aliondoka mbio. Mtu akiondoka mbio mali habebi, anafukia. Huyo mteja hataki gesti, anataka ardhi ya chini ya chumba. Na hayo maneno ni ya walinzi.

Denis: Walinzi gani?

Hasani: Wasioonekana.

Denis: Na wanaandika Kiswahili?

Hasani: Wamekaa Tanga miaka mia, watakosaje kujua Kiswahili?

Kefa: Basi na mimi niseme la mwisho. Bahari inapanda. Redioni wanasema kila siku inapanda. Inataka ardhi yake. Itaanza na hiyo nyumba, ije Korogwe, izunguke milima, ipite Gulwe, siku moja tunaamka hapa Area D tunakuta mawimbi yamefika kwenye ngazi ya duka la Pilipili. Hatuna haja ya nauli wala vyumba. Tukae hapahapa, itatufikia.

Alisema kwa utani, lakini alipomaliza wote tuligeuka kutazama upande wa mashariki, ambako hakukuwa na kitu ila vumbi na mnara wa simu. Hapo uvumilivu ukaniisha.

Mimi: Acheni fiksi! Mimi ndiye ninayeuza rangi hapa. Huyo fundi kaizidishia maji, basi. Swali ni moja, nani aliandika? Tukimjua, tumeshamaliza.

Nahodha: Mimi.

Mimi: Wewe nini?

Nahodha: Niliandika mimi. Kwa lami.

Akakiweka kikombe chini.

Nahodha: Tulikuwa tumemaliza arobaini ya mama. Binamu zangu walishaanza kuleta madalali mlangoni, hata mikeka hatujakunja. Likizo yangu imekwisha, natakiwa kurudi huku. Nikaona nikigeuza mgongo tu, nyumba imekwenda. Barabarani vijana walikuwa wanaziba mashimo, nikawaomba lami kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikaandika kwa kijiti. Mmoja akaniambia, kaka, hiyo haitatoka, utapaka mpaka uchoke, itatoboa tu. Nikamwambia ndiyo ninayoitaka.

Kefa akajikuna kidevu.

Denis: Kwa hiyo aliyeweka pingamizi ni wewe mwenyewe.

Nahodha: Mimi yule. Nilikuwa na nywele.

Tulicheka, kidogo, ili tumsaidie. Ndipo yule mama wa karanga akafungua mdomo. Hakuwa na nia mbaya, aliuliza tu kama mtu anavyomuuliza msafiri.

Restuta: Samahani baba, mimi mgeni wa maneno haya. Ukishaiuza hiyo nyumba, siku ukienda kwenu, utafikia wapi?

Nahodha akamgeukia Denis.

Denis: Si kwenye gesti! Ileile. Atapewa chumba chake mwenyewe, ufunguo una kibao cha namba, na sabuni ile ndogo.

Alianza akicheka, akaishia akitazama viatu vyake.

Kefa: Kwa majirani basi.

Nahodha: Ninaowajua mimi wamekufa. Waliobaki ni watoto wao, hata wakiniona hawatanijua.

Hasani: Kwa shangazi.

Nahodha: Muheza ni Muheza, Hasani. Kule na mimi nitakuwa mgeni.

Kijiwe chenye majibu ya Mjerumani, ya chumvi na ya bahari kupanda kilikosa jibu la mama mmoja aliyeleta karanga. Upepo ukapuliza majivu ya mkaa wa Hasani mpaka kwenye suruali zetu, hatukuyapangusa.

Nahodha: Mnajua kwa nini nasema mwezi wa kumi na mbili? Mnadhani nawadanganya. Najua mnacheka. Lakini mtu mwenye nyumba anaweza kusema mwezi wa kumi na mbili nakwenda. Asipokwenda, atakwenda mwingine. Nyumba ipo. Nikilala hapa, jua likinichoma kwenye mtaro wa mabomba, naufungua ule mlango kichwani, naingia ukumbini, saruji ni baridi, mama yuko uani anakuna nazi. Kila siku. Nikiuza, nitakuwa namfungulia nani?

Kefa alikuwa anatazama pembeni. Mimi pia nilikuwa na vumbi jichoni, na msiniulize zaidi.

Simu ikaita. Nahodha aliitazama ikiita, akaipokea, akaweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake si ya ujana tena.

Dalali: Mzee Abubakari! Fundi yuko juu ya ngazi, mteja yuko hapa ubavuni kwangu. Neno lako tu. Apake?

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio, kri-kring, kri-kring, mmoja unapita, mwingine unafuata, na mtu anamwita mwenzake kwa mbali.

Kefa: (kwa kunong'ona) Ndiyo bahari hiyo?

Nahodha: Kengele za baiskeli. Bahari haisikiki pale. Ndiyo kwetu hivyo, baiskeli tupu.

Dalali: Mzee? Mteja ana haraka. Apake?

Nahodha alikuwa ameinamisha kichwa juu ya simu, anasikiliza kengele. Tulimwacha asikilize.

Dalali: Haloo?

Nahodha: Mwambie ashuke.

Dalali: Ashuke aende wapi, mzee? Mteja je?

Nahodha: Ashuke kwenye ngazi. Ukuta umeshasema.

Akakata. Nilitaka kufurahi, maana dirisha langu la kushoto limepona, lakini niliyaona yale mapazia ya kijani kwenye sanduku, na mwanamke ambaye hasemi neno, na furaha ikaniponyoka.

Kefa: Na Loisi? Utamwambiaje?

Nahodha: Nitamwambia afungashe twende. Na mapazia ayachukue. Kule madirisha yapo.

Restuta: Mnakwenda lini, baba?

Nahodha aliangalia barabara, vumbi, bajaji ya Denis, ukuta wangu uliokwanguka.

Nahodha: Mwezi wa kumi na mbili.

Siku zote akisema hivyo kijiwe kizima huangua kicheko. Safari hii Hasani aliinua birika ammiminie, likatoka tone moja, na Kefa akauliza taratibu kama chumba cha mbele kulia bado ni chake.