Mvinje wa Marehemu

SYOMBUA: Haloo? Ni nani?

KIMANTHI: Ni mimi. Usikate simu.

SYOMBUA: Wewe nani? Namba hii siijui.

KIMANTHI: Kimanthi. Yangu uliifungia, nimeazima simu ya mzee. Habari za Habaswein?

SYOMBUA: Joto tu. Za Garissa?

KIMANTHI: [kwa sauti ya chini] Syombua, mti uko wapi?

SYOMBUA: Mti gani?

KIMANTHI: Usinichezee. Jana nimeenda steji kupokea wageni, narudi nakuta kisiki. Mvinje mzima umeenda.

SYOMBUA: Ongeza sauti, mtandao unakwaruza.

KIMANTHI: Siwezi. Wageni wako ndani wanakunywa chai.

SYOMBUA: Wageni gani?

KIMANTHI: Wageni tu. Wa kanisani.

SYOMBUA: Wazazi wa Mwongeli, yule wa kwaya unayetaka kumuoa.

KIMANTHI: Nani amekuambia?

SYOMBUA: Sadiyo, mwenye nyumba. Alinipigia mwezi jana. "Syombua, wewe uko hai? Watu wanakuombea hapa chini ya dirisha langu." Nikamwambia, mama, niko zamu, nimetoka kuzalisha mapacha sasa hivi. Akasema, walahi, bwanako amewasimamisha wazee chini ya mvinje, amevua kofia, anawaambia aliupanda kumkumbuka marehemu mke wake.

KIMANTHI: Yule mama, Kiswahili chake—

SYOMBUA: Marehemu ni neno analolijua kukushinda.

KIMANTHI: Niache nikueleze—

SYOMBUA: Nilikufa na nini?

KIMANTHI: Syombua.

SYOMBUA: Nauliza. Mimi ni muuguzi, mambo hayo napenda kuyajua.

KIMANTHI: [anashusha pumzi] Malaria.

SYOMBUA: Malaria. Miaka kumi na moja ya ndoa, na ugonjwa wa maana umeninyima.

KIMANTHI: Miaka mitatu uko huko. Ulitaka niseme nini? Pasta hawezi kunifungisha ndoa kama—

SYOMBUA: Nani alienda kwa wakubwa akaomba nihamishwe? Haloo? Unanisikia?

KIMANTHI: Inakatakata.

SYOMBUA: Hapo ndipo inakatakata. Mche ule niliutoa Mwingi mimi, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Mfereji ukikauka naunywesha maji niliyooshea vyombo. Mbuzi wa Sadiyo wakaanza kuuguguna, nikauzungushia miiba mpaka mikono ikavimba. Wewe umekaa kwa kiti unacheka, eti Garissa hakuna mti wa Krismasi utakaomea. Leo umekuwa wewe uliyeupanda.

KIMANTHI: Kwa hiyo ni wewe umeukata.

SYOMBUA: Mwenyewe, kwa mikono hii. Sadiyo alinifungulia geti, akanipa shoka lake la kuni. Na nilikuja kukata tawi moja tu, nipambie wodi. Halafu nikaona picha yangu imetundikwa kwa shina, imefungwa utepe mweusi. Ile ya harusi. Umekata upande wako.

KIMANTHI: Mwongeli ndiye aliitundika, kwa heshima tu—

SYOMBUA: Basi ana roho nzuri. Mimi nikakata mpaka chini.

KIMANTHI: Na umeupeleka wapi?

SYOMBUA: Dekow wa lori la mbuzi aliubeba juu ya turubai. Njia nzima ananiuliza ni mnyama gani anakula hii kitu. Sasa umesimama hapa wodi ya akina mama, nimeuzungushia bandeji kama mapambo.

KIMANTHI: Sawa. Umelipiza. Umeridhika?

SYOMBUA: Bado.

KIMANTHI: Nakuomba kitu kimoja. Kesho Krismasi, pasta anakuja kutubariki. Nimewaambia mti umeibwa. Namba hii ikikupigia tena, usishike. Mpaka kesho jioni tu.

SYOMBUA: Niendelee kuwa maiti mpaka kesho jioni.

KIMANTHI: Halafu nitakuja huko, tuongee kama watu wazima—

SYOMBUA: Mzee mwenye simu yuko wapi?

KIMANTHI: Yuko ndani. Yuko— [anaongeza sauti] Hapana, baba, ni mtu wa miche, namuuliza kama ana mti mwingine—

MZEE NGUI: Nipe simu yangu. Salio lenyewe ni kidogo.

KIMANTHI: Baba, dakika moja—

MZEE NGUI: Nipe. Haloo?

SYOMBUA: Haloo. Habari yako, mzee?

MZEE NGUI: Nzuri. Mimi ni Ngui, baba yake Mwongeli. Nimesikia huyu kijana anakuita Syombua. Hilo ni jina la marehemu mkewe.

SYOMBUA: Ndiyo, mzee.

MZEE NGUI: Wewe ni nani wake? Dada yake?

SYOMBUA: Ni mimi mwenyewe. Ile picha mliyoiombea, kuna kovu juu ya jicho la kushoto. Uliliona?

MZEE NGUI: Nililiona, mwezi jana tulipokuja. Nilipiga magoti mbele yake, na miguu yangu ilivyo mibovu.

SYOMBUA: Maombi nimeyapokea. Cheti cha ndoa ninacho, nitakipiga picha nikutumie. Mwongeli akione kabla pasta hajafika. Sina ugomvi naye.

MZEE NGUI: Na mti?

SYOMBUA: Ulikuwa wangu.

MZEE NGUI: [anaita] Kimanthi, njoo hapa. Kimanthi. Anaenda wapi huyu?

SYOMBUA: Anafanya nini?

MZEE NGUI: Anatoka getini. Miguu mitupu, na mchanga wa saa saba unavyochoma. Anakimbia sasa. Ngoja, Mwongeli ametoka jikoni, anauliza kuna nini.

SYOMBUA: Mketishe kwanza, baba. Halafu mpe simu.

MZEE NGUI: Salio linaniishia, mama. Wacha nitafute la—

SYOMBUA: Usihangaike. Mketishe tu. Nitapiga mimi, nina muda wote.

[Simu inakatika.]