Harage la Sitini na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Hapa ni redio yenu ya uwanda wa juu, ile inayosikika vizuri ukisimama juu ya trekta na kuelekeza antena kanisani. Leo sianzi na muziki. Leo tunamkumbuka Bibi Célestine Vayssade wa Marsoulières. Alifariki Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa na miaka tisini na mmoja. Alifia jikoni kwake. Narudia, maana ndiyo habari yenyewe: alifia jikoni. Hakufia chumbani.

Ninyi wa Trévenac, najua mmeshaanza kununa. Tulieni. Jina lenu litatajwa, tena mara nyingi kuliko mnavyostahili.

Marsoulières yetu mnaijua. Januari tulikuwa watu arobaini na watatu. Kondoo ni elfu moja na mia mbili, na wao hawajawahi kulalamika kwamba ni wachache. Tuna kanisa, tuna tanuri la mkate la kijiji, tuna birika la kufulia ambalo hakuna anayefulia tena, ila wageni hulipiga picha kama bibi harusi. Ukipanda viazi kwetu unavuna mawe. Viazi ni bahati.

Kati yetu na kijiji jirani cha Trévenac palikuwa na kijito. Kijito kilikauka kabla babu zetu hawajazaliwa. Mpaka haukukauka. Na babu mzaa babu wa Bibi Célestine, mtu mvivu wa kubeba, alijenga nyumba yake pale pale penye mawe ya bure, katikati ya kijito kikavu. Ndiyo maana jiko la nyumba ile liko Marsoulières, na chumba cha kulala kiko Trévenac. Mpaka unapita kwenye kizingiti cha mlango kati ya jiko na chumba. Mpimaji mmoja aliuchora hapo kwa rangi ya buluu, na Bibi Célestine akawa anaupaka upya kila Pasaka.

Niliwahi kumuuliza, "Bibi, kwa nini unaupamba?"

Akaniambia, "Siupambi. Adui yangu nataka nimwone vizuri."

Maana alizaliwa chumbani. Novemba ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na tatu, hatua mbili ng'ambo ya mstari. Kwa hiyo jina lake liliandikwa Trévenac. Alisoma shule ya Marsoulières, enzi ambazo tulikuwa na shule. Alioka mkate katika tanuri la Marsoulières. Alifua kwenye birika la Marsoulières, na nguo za watoto wa nusu ya kijiji zimepita mikononi mwake. Lakini wenzake shuleni walimwita "mgeni". Alipowashinda hesabu walisema, "Mgeni kaja kutuibia alama." Alicheka nao. Aliwapiga pia, mama yangu mkubwa ana kovu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike penye kengele.

Kwetu mtu akifa, Firmin Alazard hupanda mnarani na kuigonga kengele kwa kamba. Hugonga mara moja kwa kila mtu aliyebaki. Hagongi kwa ajili ya marehemu. Anagonga kwa ajili yetu. Tunaacha kazi, tunasimama tulipo, tunahesabu. Kila mmoja anajua kwamba katika ile milio, mmoja ni wake. Trévenac hawana desturi hiyo. Wao kengele yao ni ya umeme, na hata saa yenyewe inabahatisha.

Firmin hahesabu kwa kichwa. Anahesabu kwa maharage makavu. Anaweka mfukoni maharage idadi ya watu, anagonga, anadondosha harage moja kwenye ndoo, anagonga tena. Idadi yenyewe anapewa na Huguette Rouvière, karani wa ofisi ya meya. Kila miaka mitano Huguette hupita nyumba kwa nyumba na karatasi za sensa. Na Huguette ni mtu wa kanuni. Huyu mama, akiota ndoto, huipiga mhuri asubuhi.

Kanuni ya Huguette ni moja: mtu huhesabiwa anapolala. Na Bibi Célestine alilala chumbani. Chumbani ni Trévenac. Basi.

Mtauliza, na mume wake je? Mzee Marcellin Vayssade, Mungu amrehemu, alikuwa akikoroma. Akikoroma hivi kwamba mbwa wa jirani walikuwa wanamjibu. Mwaka wa pili wa ndoa yao Bibi Célestine alimwekea kitanda jikoni, ukutani, karibu na jiko la kuni. Mlango wa kati wakauacha wazi. Kwa hiyo mume alihesabiwa Marsoulières na mke Trévenac. Waliishi hivyo miaka arobaini na moja. Mtoto wao Gaspard, ambaye sasa anaishi mjini, ameniambia: "Kila usiku nilimsikia Baba akisema, 'Lala salama, wewe wa ng'ambo.' Na Mama anajibu, 'Geuka ukutani, wewe wa huko.' Nilidhani ndivyo watu wote wanavyoagana."

Mzee Marcellin alifariki mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane. Firmin akapanda mnarani. Bibi Célestine akatoka uani akiwa na aproni, akasimama, akahesabu. Kengele iligonga mara sitini na moja. Ikanyamaza. Alikuwa akiijua idadi ya kijiji kama ajuavyo vidole vyake. Waliobaki pamoja naye ni sitini na wawili. Bila yeye, sitini na mmoja.

Siku ya kifo cha mume wake, kengele ya mume wake haikumhesabu.

Alimfuata Firmin mlangoni mwa kanisa. Firmin mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na hapo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Firmin, umeniacha nje."

"Shemeji, nimegonga kama karatasi ya Huguette ilivyosema."

"Karatasi ndiyo iliyomfulia Marcellin mashati?"

"Shemeji…"

"Haya. Nimekusikia. Na kengele nimeisikia pia."

Hakulizungumzia tena jambo hilo. Lakini tangu siku ile, wasikilizaji wapendwa, kila kengele ilipogonga, Bibi Célestine hakusimama. Sisi sote tulisimama. Yeye aliendelea kumenya karoti.

Mtasema: si angehamishia kitanda jikoni? Hatua sita tu! Huguette mwenyewe alimwambia hivyo, sensa baada ya sensa.

"Bibi Vayssade, lala jikoni nikuandike. Hata wiki moja."

"Pale panalala Marcellin."

"Marcellin amefariki, Bibi."

"Najua, nilikuwepo. Na wewe uliyeandika sitini na moja, kunywa kahawa yako uende, Trévenac wanakusubiri uwasaidie kujumlisha."

Kitanda cha Mzee Marcellin kilibaki ukutani, kimetandikwa. Paka alikilalia. Bibi Célestine hakukikalia hata ukingoni. Miaka ishirini na saba.

Tufike majira ya baridi yaliyopita. Desemba alianguka uani kwenye barafu. Nyonga haikuvunjika, ila nguvu hazikurudi. Gaspard akapanda kutoka mjini na gari, kashaandaa kila kitu: chumba chenye joto, lifti, daktari ng'ambo ya barabara. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka kuni.

"Mama, twende. Huku utakufa kwa baridi."

"Sensa ni lini?"

"Sensa gani tena, Mama?"

"Ya Huguette. Ni lini?"

"Wiki ya tatu ya Januari. Mama, una miaka tisini na mmoja!"

"Ndiyo maana naulizia hii. Ijayo nitakuwa na tisini na sita, na wewe ndiye utakuwa huwezi kupanda ngazi."

Gaspard alinitazama nimsaidie. Mimi nikaanza kupanga kuni kwa ustadi ambao sikuwa nao kabla. Kisha Bibi akanigeukia. "Wewe wa redio, mdomo unao, mikono je? Shika upande ule wa kitanda changu."

"Tukipeleke wapi, Bibi?"

"Jikoni."

Hatukupeleka chake, maana hakikupita mlangoni. Tulihangaika nusu saa, tukabandua rangi ya buluu kizingitini, Gaspard akaumia kidole na kutamka maneno ambayo redio hii hairushi. Mwishowe Bibi akasema, "Acheni." Akasimama kwa fimbo yake, akavuka mstari, akaenda mpaka kitanda cha Marcellin. Akamsukuma paka. Akakaa.

Godoro lilikuwa na bonde katikati, umbo la mtu mkubwa. Bibi mdogo yule alizama humo kama yai kwenye kiota. Akageuza uso dirishani.

"Kumbe alikuwa akiliona dirisha," alisema. "Miaka yote ile alikuwa akiniambia theluji imeanza, nami nadhani anabahatisha."

Gaspard alitoka kwenda "kuangalia gari". Gari lilikuwa zima.

Usiku ule Gaspard alilala chumbani, kitandani kwa mama yake, mlango wa kati ukiwa wazi. Anasema alimsikia akisema peke yake, "Lala salama, wewe wa ng'ambo." Anasema hakujua kama anaambiwa yeye. Akajibu hata hivyo.

Huguette alikuja Jumanne ya wiki ya tatu, na begi lake na kalamu zake tatu. Akavua buti, akatazama kitanda, akatazama kilichobaki cha mstari, akainama kabisa kukagua miguu ya kitanda.

"Unalala hapa kila siku, Bibi Vayssade?"

"Muulize paka, ana kinyongo."

"Nakuuliza wewe, ni kanuni."

"Kila siku, Huguette. Toka kabla ya Krismasi."

Huguette akaandika. Halafu, Huguette huyu huyu wa mhuri, akaigeuza karatasi ili Bibi aisome mwenyewe. Vayssade, Célestine. Marsoulières. Bibi aliomba miwani. Alisoma. Akaomba tena miwani ilhali ilikuwa usoni. Kisha akasema, "Umekosea. Célestine ina alama juu ya e ya kwanza." Huguette akaiongeza alama.

Hivyo ndivyo tulivyofika arobaini na watatu. Nasema tena: arobaini na watatu, pamoja naye.

Gaspard alitaka kumchukua sasa, sensa imepita. Bibi alikataa kwa upole. Alisema anataka kusikia kengele moja tu akiwa ndani ya hesabu, kisha ataenda popote, hata kwenye lifti. Mkiyatazama juujuu mtaona haya ni maneno mabaya, maana kengele haigongi mpaka mtu afe. Mzee Ferréol wa kinu, ana miaka tisini na mitatu, akapeleka salamu: "Mwambieni Célestine mimi sina haraka." Bibi akajibu kwa kumpelekea jibini na ujumbe: "Kula, usijali. Nasubiri tu, sikuombei."

Februari ikapita, hakuna aliyekufa. Mzee Ferréol akaanza hata kutembea kwa mbwembwe. Machi ikaingia. Alhamisi asubuhi Gaspard, aliyekuwa amepanda tena kumtazama, aliweka kahawa jikoni, akamgeukia mama yake amuulize kama anataka maziwa. Alikuwa amelala ubavu, uso dirishani. Kahawa ikachemka ikamwagika, na Gaspard hakuizima.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, kengele aliyoisubiri ilikuwa yake. Na kengele yetu haimgongei marehemu. Inawagongea waliobaki. Mara moja tu katika miaka tisini na moja alihesabiwa nasi, na hesabu hiyo haikupata kengele.

Saa sita mchana Firmin alipanda. Ana miaka sabini na minane, ngazi ni hamsini na moja, tulimsikia akikohoa kila ghorofa. Sisi tulisimama. Mimi kwenye birika la kufulia. Huguette mbele ya tanuri, na sufuria ya supu ya wafiwa mkononi. Gaspard uani, pale pale aliposimama mama yake mwaka ule. Kengele ikaanza. Tukahesabu. Thelathini. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili.

Ikanyamaza. Watu wakavaa kofia. Huguette akainua sufuria.

Ikagonga tena. Mara moja.

Huguette alifika mnarani kabla yangu, na supu mkononi bado. "Firmin! Umezeeka, hesabu imekushinda! Nilikuandikia arobaini na mbili!"

Firmin alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, anapumua. "Arobaini na mawili ni ya leo," alisema. "Yako ndooni, yahesabu."

"Na hiyo nyingine?"

Akafungua kiganja. Palikuwa na harage moja, limekauka, jeusi kama kokoto, limekunjamana. "Siku ya Marcellin nilipanda na maharage sitini na mawili. Niliyaweka mfukoni kabla ya kusoma karatasi yako. Likabaki moja mkononi. Sikuwa na moyo wa kulitia supuni, wala kulitupa. Limekaa kwenye kikopo pale juu. Panya wamekula mishumaa yote, hili wakaliacha." Akalidondosha ndooni. "Hiyo niliyogonga sasa ni ya sitini na mbili. Ya mwaka ule."

Nilisubiri Huguette aseme kanuni. Alitua sufuria chini. Akakaa kwenye ngazi karibu naye, kwa mara ya kwanza nikaona amechoka. "Karatasi ile niliandika mimi," alisema.

"Na mimi niliitii," alisema Firmin. "Hebu nipe hiyo supu."

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Célestine tumemzika Jumamosi kando ya Mzee Marcellin. Pole nyingi kwa Gaspard na nyumba nzima ya Vayssade. Pole kwa Firmin na kwa Huguette. Pole hata kwenu Trévenac, maana na ninyi mmepungukiwa na binti, tena mlikuwa mkimhesabu vizuri kuliko sisi, hilo nalisema mara moja tu. Paka yuko kwa Mzee Ferréol. Mstari wa buluu tuliubandua kwa kitanda, na Gaspard anasema Pasaka hataupaka.

Nami nina ombi moja kabla sijaweka muziki. Nyumbani mwako leo, mkikaa mezani, hesabu watu wako. Hesabu kwa maharage kama Firmin, usitegemee kichwa. Na ukimaliza, nenda ukatazame chumba cha pili.