Benchi la Jioni: Maisha ya Seremala Tuliyemwita Bwana Ratiba

Ndugu, jamaa, marafiki, na ninyi wafanyabiashara mliofunga milango yenu leo, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niwasomee maisha ya marehemu kaka yangu, na nimeambiwa nisirefushe. Mwenyewe angesema hivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yetu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mimi ndiye kitinda mimba. Mliomjua ukubwani hamtaamini, lakini utotoni kaka alikuwa mchelewaji hodari. Mama akimtuma dukani alitema mate chini na kumwambia, "Yasikauke kabla hujarudi." Kaka alipita kiwandani kutazama mbao zikipasuliwa, akasahau chumvi, akamsahau na mama. Sisi wadogo tulibaki tukiyakinga mate kivuli ili asichapwe.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha shule ya ufundi, akahitimu useremala mwaka 1977. Mwalimu wake alisema mkono anao, tatizo ni kumaliza.

Mwaka 1986 alifungua karakana yake, katika chumba kilichobanwa kati ya gereji na duka la vitambaa. Kazi zilimjia nyingi, naye mtu mmoja. Akishika randa, mteja huyo; akimsikiliza mteja, mwuza mbao anapiga honi nje. Ikawa njoo kesho, njoo kesho, mpaka kitanda cha bwana harusi mmoja kikafika harusi imeshapita. Bwana harusi hakugomba. Alisema tu, "Usijali fundi, mkeka nao unalalika." Hilo lilimchoma kaka kuliko matusi.

Ndipo akatengeneza viti vitatu vya kukalia mwenyewe, kila kimoja na saa yake. Cha mlangoni kilikuwa cha wateja, asubuhi. Cha dirishani kilikuwa cha wauza mbao, baada ya chakula cha mchana. Cha tatu kilikuwa kirefu, mbele ya meza ya kazi, na akikikalia hicho humsemeshi, hata kama wewe ndiye mama yake mzazi. Nilijaribu mimi, nikaonyeshwa kiti cha mlangoni na kuambiwa nije asubuhi. Mtaa ulimcheka, ukampa jina la Bwana Ratiba, kisha ukaanza kuja kujifunza. Mama mwenye saluni alimwambia, "Mimi nikitulia kwa mmoja, wengine wataondoka." Akamjibu, "Wanaondoka kwa sababu uko kwa wote na hakuna aliyekupata." Mama huyo leo ana saluni kubwa, na yuko hapa analia.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani. Walijaliwa binti na wana wawili. Wifi alivikagua vile viti, akauliza, "Na changu kiko wapi?" Kaka akamwahidi benchi la egemeo la watu wawili, likae uani, walikalie jioni baada ya kazi. Alilitengeneza, tena zuri. Mteja akalipenda, likauzwa. Akatengeneza jingine, nalo likaondoka. Miaka ikaenda hivyo, wifi akawa anakutana na mabenchi yake kwenye nyumba za watu, anayakalia kwa adabu ya mgeni. Alipolalamika, kaka alisema, "Wewe si mteja, mama watoto. Wewe upo." Lilikuwa neno la mapenzi, lakini wifi alitamani jioni, si neno. Kaka alimpangia kila mtu saa yake, akaamini nyumbani hakuhitaji kupangiwa. Mganga hajigangi.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alimkabidhi binti yake karakana, akamwomba mbao. Akawa anapiga msasa ameketi, anapumzika, anaendelea, mpaka benchi likaisha. Jioni ya kwanza walipokaa uani, alimgeukia mkewe akauliza, "Sasa tunafanya nini?" Wifi akamwambia, "Tunakaa." Basi wakakaa. Mwanzoni kaka alikuwa akiangalia mlango kama anayesubiri mtu, baadaye akaacha. Siku moja bwana mmoja aliyekuwa akipita aliuliza bei kutoka langoni. Kaka akamjibu, "Lina wenyewe, na hawajashiba."

Kweli hawakushiba. Hospitali ilianza kuzila zile jioni, moja baada ya nyingine. Alituaga alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2023, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, wajukuu wanne, dada wawili, na mafundi wengi aliowafunza kazi. Jana nilimwuliza wifi angependa niseme nini mwishoni. Akasema, "Waambie nilikuwa sijamaliza kukaa naye."

Nimewaambia. Kaka yetu na apumzike salama.