Mama Soksi na Kipimo cha Kusikiliza Mishipa

Ndugu wafiwa, majirani, wenzake wa hospitali, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, mimi ni mume wa marehemu, yule fundi viatu wa pembeni ya posta, familia ilipanga historia ya marehemu isomwe na shemeji yangu mwenye sauti nzuri, lakini nimeomba nisome mwenyewe, nimeiandika kwa mkono wangu kwa siku tatu, kwa hiyo nikisimama katikati msidhani nimepotea, natafuta mstari tu.

Marehemu mke wangu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, katika vyumba viwili nyuma ya duka la dobi, baba yake alikuwa mpiga pasi wa duka hilo na mama yake alikuwa akirudishia mashati vifungo, na dada yake mkubwa, huyu hapa mbele, anasema tangu mdogo alikuwa haoni doa kwenye kitambaa cheupe akanyamaza. Alianza shule ya msingi Januari 1968 akamaliza mwaka 1974, akamaliza sekondari Novemba 1978, akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1980 na kuhitimu Desemba 1983, na tarehe 2 Mei 1984 akaajiriwa wodi ya wanaume waliopasuliwa, na mwaka 1991 akahamishiwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, huko akabaki mpaka anastaafu, ukiondoa miezi saba nitakayoisema.

Tulijuana mwaka 1986, alipoleta viatu vyake vyeupe vya kazini nivibadilishe soli, akakaa kwenye benchi langu miguu mitupu, akaniambia gundi yangu inanuka kuliko wodi yake, nikamwambia aje kesho nitakuwa nimefungua dirisha, akaja kesho, akaja na keshokutwa na viatu visivyo na ubovu wowote. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1987, shemeji yangu akawatangazia wageni kwamba angalau mdogo wake hatatembea peku, tukapata binti tarehe 3 Juni 1989, ambaye ni mwalimu, na kijana tarehe 11 Oktoba 1993, ambaye ni fundi umeme, na marehemu ameacha wajukuu watatu.

Mwaka 2006 hospitali ilipata mashine ya kusikilizia damu ndani ya mishipa, ina waya mrefu na mwishoni kuna kichwa kidogo wanachokiita kipimo, daktari akishaunga mshipa anakigusisha pale na mashine inatoa sauti, fyu, fyu, fyu, ndipo anajua damu inapita. Shida ya kipimo kile ni kwamba hakiwezi kupikwa kwenye mvuke kama mikasi, joto linakiua, kwa hiyo kinafutwa kwa dawa, kinaachwa kikiwa kimelowa dakika tatu, halafu kinavalishwa mfuko mwembamba kama soksi, usio na vijidudu, na kazi ya kukivalisha ilikuwa ya mke wangu, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Soksi, mpaka kadi za harusi zikawa zinakuja nyumbani kwa jina hilo, na jirani mmoja aliwahi kubisha hodi akauliza kama kuna za watoto.

Alhamisi tarehe 19 Juni 2008 aliletwa seremala aliyechanwa mguu na msumeno wa mashine, mshipa ukaungwa, daktari akaomba kipimo, na soksi ilivalishwa vizuri, lakini juu ya soksi lazima ipakwe jeli ya kupitishia sauti, na pakiti ndogo za jeli iliyo safi zilikuwa zimekwisha, basi marehemu akachukua chupa ya jeli iliyokuwa mezani, chupa ambayo ikiisha walikuwa wanaijaza tena kutoka kwenye dumu, kila mtu alifanya hivyo, ilionekana ni kubana matumizi. Siku ya tano kidonda kikaoza, tarehe 30 Juni mguu ukakatwa chini ya goti, na maabara wakakuta vijidudu vya kidondani ndivyo vilivyokuwa ndani ya chupa. Kikao kilipoitwa hakuna aliyemtaja mwenzake, ndipo marehemu akasimama kabla ya kuulizwa, akasema, "Aliyeijaza ile chupa ni mimi, na aliyeikamua ni mimi."

Wakampeleka chumba cha kufulia mashuka. Miezi ile saba akipika anasahau chumvi, na kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu, mtu mwingine asije akapoteza kiungo kwa sababu ya kipimo kile, lakini aliona hana tena uso wa kulisema hilo mbele za watu. Alikwenda kwa seremala mara mbili peke yake, mara ya tatu nilimsindikiza, seremala akauliza kama atarudi thieta, mke wangu akasema hastahili, yule bwana akasema, "Rudi, mama. Ukikaa kwenye mashuka, nani ataukumbuka mguu wangu?" Seremala yuko hapa leo, mstari wa pili.

Alirudi Februari 2009, siku ya kwanza akalitupa lile dumu la jeli, akaandika karatasi ya ukutani, dawa dakika tatu, soksi ikaguliwe kama ina tundu, waya usining'inie chini ya meza, pakiti moja ya jeli kwa mgonjwa mmoja, inayobaki itupwe, na kama pakiti hakuna, kipimo hakitumiki. Daktari mkuu, ambaye tunamshukuru kwa kufika, aliwahi kumwambia zile dakika tatu mgonjwa atazeeka mezani, akamjibu, "Azeeke na miguu yake miwili, daktari." Nakala ya karatasi hiyo aliileta nyumbani, na nilipoanza darasa la watu wazima mwaka 2018 nikiwa na miaka hamsini na nane, ndiyo karatasi ya kwanza niliyoisoma juu mpaka chini bila kusaidiwa, naye amekaa pembeni na penseli, nikikosea anagonga meza mara moja tu.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021, mwaka uliofuata akaanza kuumwa paja akitembea, ikaonekana mshipa umeziba, akapasuliwa tarehe 8 Novemba 2023 katika thieta ileile, na aliyevalisha kipimo ni muuguzi ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha, na kidonda kilikauka siku ya kumi na mbili, safi kabisa. Moyo ndio uliochoka, akalazwa mwishoni mwa Januari mwaka huu, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akatutoka, akiwa amebakiza siku thelathini na tatu kutimiza miaka sitini na nne, na tulikuwa tumekaa pamoja miaka thelathini na saba, miezi mitano na siku kumi na nane, nimehesabu mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala hapa nasi, wenzangu wa pale posta waliofunga vibanda vyao, na hasa yule muuguzi mwanafunzi wake, ambaye Jumatatu aliniletea daftari la kazi ambalo marehemu aliliacha thieta, na yeye ameliendeleza. Nililifungua nikitumaini kukuta neno linalonihusu, hakuna, kuna tarehe, kimefutwa, dakika zimetimia, soksi haina tundu, pakiti moja, sahihi yake, na tarehe nyingine tena hivyo hivyo. Muuguzi huyu ananiambia upasuaji wa marehemu mwenyewe nao umeandikwa, uko mbele, lakini sitaki kuruka, daftari lina kurasa mia moja tisini na mbili, nasoma mmoja kila asubuhi kwa sauti, kule jikoni alikokuwa anakaa, na leo kabla ya kuja hapa nimesoma wa tatu.

Pumzika kwa amani, mama watoto, mimi sina haraka ya kulimaliza.