Uji Ambao Sikuuonja

Jina la Bwana lisifiwe, wapendwa!

Jumamosi ile, kwenye baraza jirani na maegesho ya malori hapa Tunduma, alikuwepo Mama Mchungaji, alikuwepo Mzee Simkoko aliyetubebea sufuria kwa toroli, alikuwepo dada Tabitha mwenye vikombe, nilikuwepo mimi Enesi, na Bibi Nakamba ameketi kwenye boksi lake. Wengine wanaolala pale walikuwa wamekwisha kunywa na kutawanyika. Nawataja kwa sababu ni mashahidi wangu.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa kwanza. Wazazi walifariki nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikauza karanga kwa madereva mpaka wadogo zangu watatu wakawa watu wazima. Mmoja yuko Nakonde, mmoja Mkwajuni, mmoja ameolewa mbali. Wananipigia simu, nashukuru. Lakini mkono wangu ulishazoea kusonga ugali wa watu wanne, na jioni nyingi nilibaki nauangalia ugali uliozidi.

Niliingia huduma hii ya watu wasio na makazi ili nisikae na ukimya wa chumbani kwangu. Kuna Jumamosi nilirudi naimba! Kuna nyingine nilirudi nimetukanwa na mtu niliyemwombea wiki nzima. Bibi Nakamba ndiye aliyenivunja moyo kabisa. Kila wiki alikataa uji wangu wa ulezi. Siku ile nilikuwa nimeamua: akikataa tena, aproni namrudishia Mama Mchungaji, basi.

Akakataa. Nikaona hii ni roho ya ukaidi. Nikanyoosha mkono, nikaanza kukemea!

"We mjukuu wangu," akasema, "unakemea pepo gani? Kwenu mgeni anapewa chakula mwenyeji hajaonja?"

Mzee Simkoko akaangua kicheko. "Bibi kakupata, Enesi!"

Ndugu zangu, nilishusha mkono. Mama yangu hakuwahi kumpa mgeni kikombe bila kunywa yeye kwanza, ili mgeni aone hakina sumu. Nilijua. Nilisahau kwa sababu miaka yote hii hakuna aliyeketi kula na mimi. Hata uji nilikuwa nagawa nimesimama, kama mtu anayemwagilia bustani.

Nikaketi chini. Nikanywa.

"Meza, nione koo," akasema.

Nikameza. Akachukua kikombe kilekile, akanywa mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kwako, nani anakuonjea?"

"Hakuna, bibi."

"Basi nialike, nije nikuonjee."

Nililia mbele ya wote. Aproni sikuirudisha. Mungu alinitoa nilikojifungia, tena kwa kumtumia mtu asiye na mlango! Sisemi upweke umeisha. Chumba ni kilekile. Lakini sasa najua kwamba naonekana. Wewe unayekula peke yako, mtegemee Mungu huyu. Hata wewe anakuona.

Nilimwahidi bibi kwamba nitamwalika. Stuli ya pili nimeshanunua. Ila kila Jumamosi natafuta sababu ya kuahirisha, maana naogopa kwamba akija, kisha akaondoka, chumba kitakuwa kimya kuliko kwanza. Yeye haulizi. Anangoja nionje, kisha ananyoosha mkono kupokea kikombe.

Mniombee, ndugu zangu. Stuli ile bado haijakaliwa na mtu.