Udi wa Bi Saida binti Dadi

Assalaam alaykum. Ndugu zetu mliofika hapa Kerege, kabla jeneza halijatoka naomba masikio yenu kidogo, nisome habari za mama yetu mdogo, Bi Saida binti Dadi, kama zilivyosemwa na dada yake, Bi Ashatu, ambaye kalamu hajawahi kuishika, ila ameagiza yasomwe yote, hata yale ya kumwaibisha yeye.

Bi Saida alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, kijijini Mkange, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Dadi na Bi Mwanamkasi, akatoka na mdomo uliopasuka upande wa kushoto mpaka ndani ya tundu la pua, ziwa hakuweza kulinyonya, mama yao akawa anamkamulia kwenye kijiko, tone kwa tone, na Ashatu, aliyekuwa na miaka minane, kila akisogea pale mkekani aliambiwa, "Wewe mzima, mwanangu, nenda kacheze," naye akaenda, lakini hakucheza, alikaa nyuma ya nyumba akauvutavuta mdomo wake kwa vidole, ili na wake upasuke.

Mwaka 1975 mdomo ulishonwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata akaingia Shule ya Msingi Mkange, akamaliza mwaka 1982, kwa sauti ya king'ong'o iliyowachekesha wenziwe na hesabu zilizowanyamazisha. Pua ilibaki vile vile, ukuta wa kati, ule unaotenga tundu na tundu, ulikuwa umelalia upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba, akawa anahema kwa mdomo, na harufu hakuijua, ya waridi wala ya shombo.

Mwaka 1984 alihamia hapa kwa dada yake, ambaye udi wake wa harusi ulifuatwa toka Bagamoyo mjini hadi Miono, akawa anatwanga, anakoroga sukari jikoni, anakata vipande, na Bi Ashatu alimpenda msaidizi huyo kuliko wote, kwa kuwa mtu asiyesikia harufu haibi siri ya sufuria.

Tarehe 18 Novemba 1989 aliolewa na Mzee Abdulrazak, mkulima wa minazi wa papa hapa, wakajaaliwa watoto wawili, Dija na Bilali.

Mwaka 2007 madaktari bingwa walikuja wilayani, wakawaandika waliozaliwa na midomo ya namna ile, wakasema pua nayo hunyooshwa, na kwa kuwa Bi Saida hakuwa na simu walichukua namba ya dada yake, simu ikapigwa kweli, ikatajwa siku ya kwenda Dar es Salaam, Bi Ashatu akaitika, "Ndiyo, daktari, nitamwambia," akaikata, akarudi kwenye sufuria yake, siku ikapita, na Bi Saida akangoja miaka miwili, akisema, "Labda pua yangu imewashinda."

Mwaka 2009 walirudi, safari hii akawafuata mwenyewe, na tarehe 14 Julai akapasuliwa, wakachukua kipande cha gegedu ubavuni mwake, ule mfupa laini kama wa sikioni, wakaufanya nguzo, ukuta uliolala ukasimama katikati. Siku aliyotolewa vizibo vya puani mumewe alimwinamia, "Sasa umeshaijua harufu yangu, mke wangu, ukitaka talaka sema," wodi nzima ikacheka.

Kicheko kiliishia mlangoni kwa Bi Ashatu. Bi Saida alipopona aliinamia sufuria ya dada yake, akavuta pumzi, akasema mbele ya wateja, "Dada, marashi unayatia sukari ingali moto, yanaungua," na ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana ikauma, Bi Ashatu akamjibu, "Pua ya kushonwa inifundishe mimi!" Bi Saida akaondoka, akaweka jiko lake ng'ambo ya njia, na kabla ya mwaka kwisha wenye harusi waliupita mlango wa mkubwa wakienda kwa mdogo, naye mkubwa akawatazama dirishani, na kila aliyemuuliza alimwambia udi ule hauna baraka, miaka kumi na tano.

Agosti 2024 Bi Saida alianza kuvimba miguu, madaktari wakaona moyo umetanuka, na tarehe 20 Januari mwaka huu Bi Ashatu alivuka njia, akaketi kitandani pake, akalitoa lile la simu. Bi Saida alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nalijua, dada. Daktari aliniambia siku ya kuandikwa mara ya pili. Nilikuwa nangoja useme, nawe kichwa kigumu, karibu nife nakungoja." Wakacheka, wakalia, kisha akamwagiza, "Sanda yangu uifukize wewe, lakini sufuria iache ipoe kwanza."

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, akiwa na miaka hamsini na minane, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wa moyo na wale wa pua, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na mafundi udi wenzake wa Bagamoyo walioleta kafuri na sandali bila kuombwa.

Na udi huu mnaousikia, ambao tangu asubuhi kila anayeingia anauliza ni wa nani, ameupika Bi Ashatu, akaiepua sufuria, akakaa nayo mpaka ikapoa, na kila aliyeuliza alimjibu, "Wa Saida." Anaomba radhi mbele yenu, ila hawezi kusema uongo mbele ya jeneza, wivu haujaisha, maana hata kwa mama yao ametangulia mdogo.

Lala kwa amani, Bi Saida, na mama akikupakata, usiyajaze mapaja yote, Ashatu naye yuko njiani.